Twaiba na Baridi ya Baba Ummi

Twaiba hamsikilizi mtu kwa masikio mawili. Sikio moja atakupa wewe, la pili liko chumbani kwa mumewe, kwenye mashine. Unaweza kuwa unamsimulia harusi ya Mkwiro, umefika pale penyewe patamu, ghafla anainua kidole: ngoja. Anasikiliza. Mashine ikikohoa, ikinguruma, ikibadilisha sauti kidogo tu, yeye ameshajua. Kisha anashusha kidole na kusema, "Haya, endelea, dada Chiku." Nami huwa nimeshasahau nilikuwa wapi, na nimeudhika.

Mimi ndiye huyo Chiku. Nyumba yangu na yake hapa Kinondo zimetenganishwa na ua wa makuti, na ua wenyewe una tundu tunalopitishia chumvi, habari na lawama. Kwa hiyo haya ninayoyasimulia sikuambiwa na mtu.

Mumewe ni Abdurahman, ambaye sote tunamwita Baba Ummi kwa jina la binti yao aliyeolewa Mkwiro. Alikuwa mkwezi wa nazi. Hakupanda minazi ya mashamba ya kwetu tu. Hoteli za Diani nazo zilikuwa zikimwita aangue nazi kabla hazijaanguka zenyewe juu ya vichwa vya wageni. Miaka yote hiyo alizuia nazi zisimwangukie mtu, mwishowe akaanguka yeye, palepale hotelini. Shingo ikaumia. Tangu siku hiyo anasogeza mabega na mkono mmoja kidogo, anazungumza, anacheka, anakumbuka kila mnazi aliowahi kuupanda. Lakini kuanzia kifuani kwenda chini, mwili haumtii.

Watu wengi hudhani taabu ya mtu wa namna hiyo ni kutotembea. Hata mimi nilidhani hivyo. Daktari wa Msambweni alimkalisha Twaiba akamweleza: mwili huu hautoi jasho tena. Joto likiingia halina mlango wa kutokea. Mwezi wa tatu sisi tunalowa na kulalamika. Baba Ummi hulala mkavu kama kigae, na ndani anaiva. Mwaka wa kwanza aliiva kweli. Alianza kusema maneno yasiyo na kichwa wala miguu, akamwita Twaiba kwa jina la mamake aliyekwisha kufariki, tukampakia kwenye gari la jirani huku mimi nikimmwagia maji ya kisima njia nzima. Yeye alipona. Twaiba hakupona. Mpaka leo, jua la saa nne likianza kupiga ukuta wa chumba kile, huiacha nazi anayoikuna akaenda kumshika paji la uso.

Mashine walipewa. Hoteli ile aliyoangukia ilikuwa ikibadilisha vyumba vyake, na msimamizi, mtu mwenye imani, akaleta kiyoyozi kilichotoka kwenye chumba cha wageni. Kikafungwa juu ya kitanda. Kilikuja na kibandiko chake chenye picha ya mlango na maneno ya lugha tatu, kwamba milango na madirisha yafungwe mashine ikiwaka. Twaiba, ambaye hamtii hata shangazi yake, alikitii kibandiko kile kama amri ya kadhi. Ukiingia, funga. Ukitoka, funga. Ukisahau, utaitwa kutoka barabarani urudi ufunge.

Baridi ikaja, hofu ya kwanza ikapungua. Ndipo hofu ya pili ikapata nafasi ya kukaa.

Kwetu mgonjwa hutembelewa. Kila Ijumaa, baada ya swala, wanaume hupita kumjulia hali Baba Ummi, na mbele yao huwa Abdulwahab, mkwezi mwenzake wa zamani. Sasa mtu anayelala mwaka baada ya mwaka, mwenye mfuko wa mkojo kando ya kitanda na kidonda cha mgongoni kinachofunga na kufunguka, ana harufu. Tusidanganyane. Twaiba anamwosha asubuhi na jioni, anafua mashuka mpaka yanakaribia kupasuka, na harufu bado ipo. Naye aliogopa harufu ile kuliko alivyoogopa maneno ya watu. Aliogopa Baba Ummi amwone mgeni akishika pua.

Kwa hiyo kila siku, na Ijumaa zaidi, alikoleza mkaa, akatia udi na ubani kwenye chetezo, akakisukuma chini ya kitanda, akafunga mlango na dirisha kama kibandiko kilivyotaka. Moshi ulijaa mpaka humwoni mgonjwa. Siku moja nilimwambia, "Mama Ummi, unamfukiza mtu au unabanika samaki?" Hakucheka. Alisema, "Wacha anukie."

Wageni nao hawakuwa wakikaa. Waliingia, wakasalimu, wakasoma dua ya haraka, wakakohoa kidogo kwa adabu, wakaaga. Chai ya Twaiba ilibaki ikipoa kwenye birika. Baba Ummi aliwaaga kwa uchangamfu, kisha aligeuza uso ukutani akabaki hivyo mpaka alasiri. Twaiba alipoona hivyo, Ijumaa iliyofuata aliongeza udi.

Mwaka huu, mwezi wa tatu ulipoanza, tone la maji lilidondoka kutoka kwenye mashine likatua juu ya shuka. Tone moja tu. Twaiba alinijia akiwa na sura ya mtu aliyeona damu.

Tukampigia Japheth, fundi wa Ukunda, Mduruma wa Kinango aliyejifunza kazi yake mahotelini. Alikuja siku hiyo hiyo, na kabla hajateremsha mkoba Twaiba alikuwa ameshamzingira kwa maswali.

"Mbona yadondosha maji ndani?"

"AC inavuta maji kwenye hewa, mama. Yanapaswa yatoke nje kwa ule mpira. Mpira ukiziba, yanarudi humu."

"Au gesi imekwisha?"

"Hii gesi si ya jikoni. Haiishi kwa kutumika. Ikipungua, ujue kuna mahali inavuja. Nimepima, iko sawa."

"Na ikivuma hivi usiku kucha, haitachoka? Niwe naipumzisha?"

"Usiipumzishe. Ila iangalie."

Hilo la mwisho afadhali asingemwambia. Iangalie! Kana kwamba ana kazi nyingine. Japheth akauliza kama mashine husafishwa, Twaiba akajibu, "Kila siku," na ilikuwa kweli. Kila siku alipanda kiti akaifuta uso kwa kitambaa chenye sabuni, ikang'aa kuliko sahani zake. Fundi akautazama ule weupe, akaridhika. Akazibua mpira, akatoka akakiosha kile kisanduku cha nje ambacho upepo wa bahari ulikuwa umekipaka chumvi, akaaga. Kutu ya chumvi ndiyo ugonjwa wa mashine zote za pwani hii, na yeye aliyatafuta maradhi pale anapoyakuta siku zote.

Ijumaa iliyofuata, jua likiwa limepanda vizuri, nilisikia sauti kwenye tundu la ua. "Dada Chiku, njoo." Haikuwa sauti ya kuombwa chumvi.

Chumba kilikuwa bado na moshi wa asubuhi. Mashine ilivuma, lakini hapakuwa na upepo. Nilinyoosha mkono chini yake: kipumzi cha mtu anayesinzia. Twaiba akanionyesha kati ya vile vibao vya mbele. Mle ndani palikuwa peupe. Barafu! Barafu nene kama ya masanduku ya samaki, na chini yake Baba Ummi amelala akipata joto.

"Yatengeneza baridi halafu yajiwekea yenyewe," Twaiba akasema.

Tulimpigia Japheth. Alikuwa Vanga kutengeneza jokofu la wavuvi, na simu ya Vanga ni kama barabara yake. Sauti ilikuja vipande vipande. Hewa haipiti, alisema. Kuna kitu kimeziba. Hewa isipopita, ile baridi inaganda hapo hapo. "Izime, mama. Usikwangue barafu kwa kisu, utatoboa mabomba. Inua mfuniko wa mbele, chomoa chujio, ni kama wavu, uoshe. Acha barafu iyeyuke yote. Usiwashe kabla haijaisha, utaua mashine."

"Itachukua muda gani?" Twaiba akauliza. "Japheth! Muda gani?"

Simu ilikuwa imekatika. Tukapiga tena, na tena. Yule mwanamke wa kwenye simu akatwambia kwamba mteja hapatikani, kwa sauti ya mtu aliyekaa penye kivuli.

Basi fikiria. Mwezi wa tatu, mvua za masika hazijafika, jani la mnazi halitikisiki. Baridi inayomweka mumeo hai, uizime kwa mkono wako, na hujui itarudi lini. Twaiba alishika rimoti na kidole kiko juu ya kitufe, hakibonyezi. Alinitazama mimi.

"Izime, Mama Ummi," Baba Ummi akasema kutoka kitandani. "Nimeshaanguka kutoka juu zaidi ya hapa."

Akaizima. Ukimya uliofuata ulinitisha kuliko kilio.

Tulifungua dirisha na mlango. Nilimshikia kiti, yeye akapanda, akainua ule uso mweupe alioufuta miaka yote bila kujua kwamba unafunguka. Akachomoa chujio. Haukuwa wavu tena. Ulikuwa kama kipande cha blanketi chakavu, la kahawia, lenye kunata. Akateremka amelishika mbali na nguo zake, kisha, sijui kwa nini, akalipeleka puani.

Nilimwona uso ukibadilika. Akanipa mimi ninuse. Udi. Udi wake mwenyewe, na ubani, Ijumaa baada ya Ijumaa.

Tulipoliosha uani maji yalitoka rangi ya kahawa, na ua mzima ukanukia kama nyumba ya bibi harusi. Twaiba alikuwa akisugua na machozi yanamtoka. "Ni mimi, Chiku. Ni mimi nilokuwa namuua." Methali zilinijia mpaka kwenye ulimi. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Nilizimeza zote, mimi na mdomo wangu huu, nikamwambia aongeze sabuni.

Siku hizi chujio hilo huanikwa kwenye kamba kila Alhamisi, kati ya kanzu na mashuka. Na udi haujaachwa. Twaiba hukiweka chetezo huku uani, akakifunika kwa tenga la vijiti, akatandaza mashuka na kanzu juu yake kama wanawake wa kwetu walivyofukiza nguo tangu zamani, ndipo huzirudisha ndani. Lakini siku ile hatukuwa na akili hiyo. Siku ile tulikuwa na joto tu.

Tulilowesha leso tukamfunika nazo. Zilikauka upesi, tukalowesha nyingine. Mimi nilishika kipepeo cha ukindu nikimpepea, yeye alishika kitambaa cha maji. Barafu ilidondoka kwenye beseni, tone, tone, bila haraka yoyote. Kila mara Twaiba aliweka kiganja kwenye paji la uso la mumewe, kisha kwenye lake, kisha kwenye la mumewe tena. Uso wa Baba Ummi ulikuwa umeanza kuiva, wekundu wa macho ukaingia, na maneno yake yakawa yanakuja polepole.

Twaiba ana kipimo chake kwa siku kama hizo, hakukipata hospitalini. "Nitajie minazi," akamwambia.

Baba Ummi akafumba macho akaanza, kutoka msikitini kwenda baharini, mnazi mmoja mmoja, kama alivyokuwa akiipanda. Mnazi wa kisimani kwa Mzee Chengo. Mnazi uliopinda. Minazi miwili ya kwa Bi Mbodze, ule wa madafu na ule mchoyo. Twaiba aliifuata kwa midomo, kwani anaijua yote kwa kusikia. Akifika mwisho bila kukosea, bado yumo. Akichanganya, tunatafuta gari. Hivyo ndivyo alivyojiwekea tangu ule mwaka wa kwanza.

Akafika kwenye minazi ya hotelini. "Mnazi wa langoni," akasema. "Mnazi wa jikoni." Nilisikia tone likianguka kwenye beseni. "Mnazi wa... wa ufukweni."

Twaiba akanigeukia. "Ameruka mmoja," akasema kwa sauti ndogo. "Kati ya wa jikoni na wa ufukweni kuna mmoja. Chiku, ameruka."

Niliangusha kipepeo nikakimbilia mlangoni niite gari, nikakumbana na kanzu. Wanaume walikuwa wametoka msikitini. Abdulwahab mbele, wengine nyuma yake, kofia zao nyeupe na nyuso zao za jua.

Twaiba alinipita akasimama kwenye kizingiti akiwa na leso iliyolowa mkononi. Nilijua anachokiona: chumba bila udi, mfuko wa mkojo pale pale, joto limeiamsha kila harufu, na mumewe amelala kama samaki wa sokoni chini ya vitambaa vibichi.

"Assalaam alaykum, shemeji," Abdulwahab akasema.

"Wa alaykum salaam. Amelala," akasema Twaiba.

"Sijalala," ikasikika kutoka ndani.

Wakaingia. Twaiba alijibana ukutani, macho kwenye pua za wageni, nami nikayafuata macho yake. Abdulwahab alifika katikati ya chumba akasimama. Akavuta pumzi ndefu, ya kujaza kifua. Akaitoa. Kisha akakaa kitandani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaokota kipepeo changu sakafuni.

"Leo mna hewa humu," akasema.

"Mwangalieni akili zake kwanza!" nikafoka, maana wanaume hawa na hewa yao walikuwa wanatuchelewesha. "Ameruka mnazi! Kati ya wa jikoni na wa ufukweni!"

Abdulwahab akainama. "Ndugu yangu, huo wa katikati umeusahau?"

Baba Ummi akafungua macho. Yalikuwa mekundu, lakini yalimtazama mwenzake sawasawa. "Sikuusahau," akasema. "Si ulikatwa? Wewe ndiye uloniambia. Waliukata baada ya mimi kuanguka."

Abdulwahab aliendelea kupepea, ila mkono ulikuwa umepoteza mwendo. "Ndio," akasema hatimaye. "Waliukata."

Twaiba aliketi sakafuni pale pale alipokuwa, akacheka na kulia kwa pamoja, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Wale wengine walikunja mikono ya kanzu. Mmoja akaenda kisimani, mwingine akavua kofia akaigeuza kipepeo. Walipokezana kumpepea, wanaume wazima, wakibishana kuhusu mnazi upi ulikuwa mchoyo zaidi. Rangi ikaanza kumrudia. Chai iliisha, Twaiba akabandika nyingine.

Baba Ummi alipopata nguvu ya kusema kwa kirefu, aliuliza, "Abdulwahab. Siku zote mwakaa hata chai haipoi mumeshaondoka. Leo je?"

Wakatazamana.

"Nilidhani ni mimi," akasema Baba Ummi. "Harufu yangu."

"Astaghfirullah! Ni moshi, ndugu yangu. Mimi nina pumu. Nikitoka hapa Ijumaa nakwenda kukaa nyuma ya msikiti mpaka kifua kifunguke."

"Na hukusema!"

"Niseme nini? Nimwambie mke wa mtu udi wake waniua?"

Twaiba aliisikia hiyo akiwa na birika mkononi. Aliweka birika chini, akaenda kwenye mashine, akapanda kiti, akachungulia ndani. Barafu ilikuwa imekwisha. Akatoka uani, akalipapasa chujio tulilolianika kambani, limekauka. Akalirudisha mahali pake, akafunga mfuniko, akachukua rimoti.

"Ngoja kidogo, Mama Ummi," mumewe akasema. Alisema kwa kunong'ona, lakini sote tulisikia. "Ukiwasha utafunga mlango. Wacha wakae kidogo kwanza."

Uso wake ulikuwa bado na wekundu, na jua lilikuwa bado ukutani. Twaiba akamtazama, akawatazama wageni.

"Mgonjwa haulizwi uji," akasema. Akafunga dirisha, akafunga mlango, akabonyeza.

Mashine ikakohoa. Ikavuma. Upepo ukatoka, wa kweli, ukainua pembe ya leso iliyokuwa kifuani kwa Baba Ummi. Twaiba alisimama na rimoti mkononi, sikio moja kwenye mashine, macho mlangoni, akingoja kuona nani atakuwa wa kwanza kuinuka. Baridi ikajaa chumba chote. Kikombe kikapoa. Abdulwahab akapandisha miguu kitandani, akajikunyata, akaomba shuka.